Risasi Ngumu kwa Pofu wa Ikoma

Walikwishavuka Mto Mara, vumbi la Nyamongo limebaki nyuma, na bado Heche na shemeji yake Athuman walikuwa wanabishana kuhusu risasi. Athuman alishika usukani wa pikapu. Heche alikaa kando yake, bunduki imelala miguuni ndani ya mfuko wa turubai, na kiganjani ameshika risasi mbili ndefu kama vidole: moja ya kichwa kigumu, nyingine ya kichwa laini.

"Hii laini ikiingia inachanua," Heche alisema. "Mnyama analala pale pale. Hateseki."

"Na mimi nichinje nini? Mzoga?"

"Utakimbia umuwahi."

"Shemeji, mimi fundi cherehani. Mbio zangu ni za kuwahi pasi isiunguze suruali ya mtu."

Heche alicheka, ila jambo lenyewe halikuwa la kucheka. Athuman alimuoa Rahima, dada yake Heche, naye Rahima akasilimu. Walipomwoza binti yao mkubwa kule Mugumu, Wakurya walikuja na nyama yao, Waislamu wakapika ya kwao, na watu wa damu moja wakala wamepeana migongo. Rahima alijifungia jikoni akalia. Sasa ilikuwa zamu ya mdogo wake, Samira, kuolewa, na Heche alikuwa amemwahidi dada yake kwa kinywa chake: mjomba ataleta pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, atachinjwa kwa mkono wa Mwislamu, na safari hii watu wote watakula sufuria moja. Kibali alikuwa nacho, cha dume mmoja.

"Hiyo ngumu inapita kama sindano," Athuman aliendelea. "Tundu dogo tu. Anaishiwa nguvu pole pole, nafika na kisu, bismillahi, kwisha."

Heche alijua hayo ni maneno ya cherehani, si ya porini. Lakini alimkumbuka Rahima na ule mlango wa jiko. Risasi laini akaitia mfuko wa shati.

Ikoma walimkuta Gidion, askari wa wanyamapori aliyepangiwa kuongozana nao.

"Shikamoo wazee."

"Marahaba, mura," Heche alimwitikia kijana.

Gidion alitazama risasi, akakuna shingo. "Ngumu kwa pofu? Hiyo ni ya nyati, mzee. Inamtoboa huyu, inamkuta na wa nyuma yake."

"Nitangoja asimame peke yake."

"Haya. Wakianguka wawili, naripoti wawili. Undugu utakuwa umeishia hapo."

Asubuhi iliyofuata iliwakuta wameegemea jiwe, pori lote limefunikwa na ukungu. Sauti ndiyo iliyotangulia. Ko. Ko. Ko. Kama mtu anagonganisha vijiti humo ndani, taratibu, hana haraka ya kufika popote.

"Nani anapasua kuni saa hizi?" Athuman alinong'ona.

"Magoti yake hayo," Gidion akasema. "Dume zito likitembea, miguu inalia."

Kisha ukungu ukamtoa. Heche alikuwa amekula pofu, amefunga mikanda ya ngozi ya pofu, na alidhani anawajua. Huyu alikuwa na rangi ya jivu kwa uzee, mabega juu kuliko kichwa cha mtu, ngozi ya koo inaning'inia na kuyumba kila akikanyaga. Kwenye paji kulikuwa na kichaka cha nywele nyeusi chenye matope, na upepo ulipogeuka ukaleta harufu yake, ya majani mabichi yaliyopondwa. Majike na ndama walimfuata nyuma kimya, kama watu wanaoingia msibani. Heche alijikuta amevua kofia. Hakukumbuka aliivua saa ngapi.

"Subhanallah," Athuman alisema.

Dume lilipanda kwenye mgongo wa kichuguu, majike wakabaki bondeni. Likasimama peke yake, nyuma yake mbingu tupu. Heche akakoki, akavuta pumzi, akafyatua.

Pofu hakuanguka. Alitikisika kidogo kama aliyeguswa na inzi, akageuza kichwa akawatazama, halafu akashuka upande wa pili. Ko. Ko. Ko.

Walimfuata kwa damu, matone membamba, mekundu yenye povu, mpaka kwenye korongo kavu. Alikuwa amesimama kivulini mwa mgunga. Kila akitoa pumzi, mapovu mekundu yalitoka puani. Aliwaona na hakukimbia.

Athuman alichomoa kisu. Alipiga hatua, akasimama. Shingo ya mnyama ilikuwa juu ya uso wake.

"Akipiga kichwa tu umekwisha," Gidion alionya. "Ngoja apige magoti."

Wakangoja. Jua likapanda, ukungu ukaisha, ndege wakaanza kelele zao, na lile dume halikupiga magoti. Lilisimama tu na kuvuta pumzi moja baada ya nyingine, kila moja kwa kazi kubwa, macho yake makubwa na meusi, hayana hasira.

"Kidogo tu, shemeji," Athuman alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Anachoka sasa."

Heche alimfikiria dada yake. Alimfikiria kwa muda mrefu, na alijua anachokitupa. Kisha akatia mkono mfuko wa shati.

"Shemeji."

"Rudi nyuma, Athuman."

Mlio ulirudishwa na kuta za korongo. Pofu alikuwa amekufa kabla ubavu haujagusa mchanga. Athuman alifika mbio, kisu mkononi, akaweka kiganja kwenye koo lenye joto, akangoja mshipa upige japo mara moja. Haukupiga. Akakirudisha kisu alani, na mkono ulio kooni hakuuondoa haraka.

Samira aliolewa Jumamosi. Nyama ya pofu ilipikwa upande wa Wakurya, na upande wa pili Athuman alichinja mbuzi. Rahima hakuzungumza na kaka yake mpaka baada ya mavuno, kisha akazungumza naye. Gidion alihamishiwa kituo kingine. Athuman anashona Mugumu. Heche aliirudisha bunduki polisi Tarime, hakuomba tena kibali, na sasa anafuga mbuzi Busawe.