Sahani Isiyoota Kitu

Mimi sipendi kupimwapimwa. Nimepika miaka kumi na saba kwenye shule moja ndogo ya mabati huko Kawangware, na hakuna siku mtu amewahi kuniuliza habari ya mikono yangu. Kwa hivyo siku Mwalimu Shivachi, mkuu wa shule, aliponiita ofisini akaniambia, "Shosh Kasyoka, usikanyage jikoni mpaka ulete karatasi ya lebu kwamba umepimwa," nilimwangalia kutoka kichwani mpaka kwa viatu. Nikamuuliza kama ameniita huko kuniambia mimi ni mchafu.

"Sijasema hivyo, Shosh," akasema. "Watoto sita wameshikwa na taifodi muhula mmoja. Maji tumepeleka yakapimwa, ni safi. Anayepakua chakula ni wewe peke yako."

Kati ya wale sita, mmoja alikuwa Tracy, mjukuu wangu wa miaka tisa, ninayeishi naye tangu mamake aende kufanya kazi Saudia. Alilala hospitalini siku kumi na moja. Huyo anakula kwa mkono wangu shuleni, na jioni anakula tena kwa mkono wangu nyumbani. Nilijiambia haiwezekani, mimi sijaugua hata siku moja.

Lakini woga ni kitu kibaya, unakufanya mwerevu wa bure. Kabla ya kwenda kupimwa nilipitia kwa kemisti, nikanunua dawa kali ya taifodi, nikameza asubuhi na jioni kwa siku tano. Hesabu yangu ilikuwa hivi: kama kuna mdudu, afe kabla hajaonekana. Siku ya sita nikajifunga leso, huyo mpaka Kibera, kwa kliniki fulani upande wa Kisumu Ndogo. Niliambiwa hapo hawakudondoshei damu kwa kioo wakakwambia una taifodi dakika tano baadaye. Hapo wanaotesha choo chako kwenye sahani mpaka mdudu mwenyewe aonekane.

Mtu wa maabara alikuwa msichana mwembamba, Ndinda, wa kwetu Kitui. Aliposikia jina langu akaanza kuniita mwaitu, yaani mama, nikaona hapa mambo yatakuwa rahisi.

"Mwaitu, umemeza dawa yoyote wiki mbili hizi?"

"Hata ya kichwa sijameza."

Akaandika. Nami wala sikupepesa macho, Mungu anisamehe.

Nilipompa kimkebe chenye choo changu nikamwambia, "Mimi kitu sijaona kikipikwa huwa sikili. Nataka kuona unachofanya." Akacheka. Akaniambia nisimame nje ya kioo kinachotenganisha chumba chake na benchi la wagonjwa, nisigonge, na nisimwongeleshe.

Basi nikasimama. Na wacha nikwambie, nimeona wapishi wa harusi, nimeona wapishi wa matanga ya watu mia tano, lakini mikono kama ile sijaona. Alinawa kwanza, polepole, mpaka kwenye viwiko, halafu ndiyo akavaa glavu. Akapangusa meza kwa spiriti. Akawasha moto mdogo wa gesi, akachukua waya wenye kitanzi kwa ncha, akauchoma mpaka ukawa mwekundu. Halafu akatulia tu, kaushika. Nikadhani amesahau kazi. Kumbe anangoja upoe, maana waya wa moto ungewaua hao hao anaowatafuta. Hayo alinieleza baadaye.

Alikuwa na visahani vitatu vyenye kitu kilichoganda kama supu ya miguu ya ng'ombe ikilala usiku. Alichovya ule waya kwenye choo changu, akainua kifuniko cha kisahani kidogo tu, kama mtu anayechungulia, akachora mistari pembeni. Akafunika. Akachoma waya tena. Akageuza kisahani, akavuta mistari mingine kutoka mwisho wa ile ya kwanza. Akachoma tena. Kila akivuta, vijidudu wanapungua, mpaka mwishoni kila mmoja anaota peke yake, aonekane ni nani. Ndivyo mimi hutandaza mchele kwa ungo ili jiwe lijitokeze. Na muda huo wote hakufungua mdomo juu ya kazi. Mimi hufunika sufuria vizuri sana, lakini naipigia domo siku nzima.

Kisahani cha pili alikifanya vivyo hivyo, lakini cha tatu alikipitishia waya uliochomwa tu, bila kitu. Alipotoka nikamuuliza hicho ni cha nani.

"Hicho ni cha kunichunga mimi," akasema. "Kikiota kitu, basi mchafu ni mimi ama vifaa vyangu, na majibu yako natupa."

Nilienda nyumbani nikiwaza hilo neno. Miaka kumi na saba, sijawahi kuweka sahani ya kujichunga.

Kesho yake nilirudi. Ndinda akaniletea visahani kwenye kioo, vyote vitatu vitupu, vinang'aa. Nikarusha mikono juu. "Asante Yesu! Niandikie karatasi yangu nirudi jikoni."

Hakuandika. "Mwaitu, hapa hakuna kitu hata kimoja. Hiyo ndiyo shida."

"Shida gani? Si ndiyo usafi huo?"

Akaniwekea kidole kwenye kioo. Kisahani cha kwanza, akasema, ni cha kuotesha wale vijidudu wa kawaida ambao kila binadamu anao. Wakiota, kinageuka rangi ya waridi. Cha pili kinawazuia hao wa kawaida ili wa taifodi ajitokeze. "Tumbo la mtu ni kama ploti huko kwenu Kawangware. Haliwezi kukosa wapangaji. Lako limehamwa lote. Nani aliwafukuza?"

Nilichemka. Nilimwambia ni mtoto mdogo, hajui lolote, ananitafutia ugonjwa. Katikati ya kelele zangu simu yake ikalia, na alikuwa Mwalimu Shivachi. Shule inafunguliwa Jumatatu, hakuna mpishi, si aandike tu kwamba sina kitu?

"Mwalimu, siwezi kuandika kile sahani haijaniambia," Ndinda akajibu, kwa upole, kama hakuna mtu anayemtukana mita moja kutoka alipo. Niliondoka bila kuaga. Nilijua mahali pa kupata karatasi ya aina hiyo bila hata kutoa choo, na nilipanga kwenda asubuhi.

Jioni hiyo nilikuwa namchana Tracy nywele nimsuke. Nikavuta kitana mara moja, kikaja na fundo la nywele. Nikavuta tena, lingine. Taifodi hufanya hivyo, daktari alikuwa ameniambia, na zitaota tena. Lakini kuziona zimejaa mapajani mwangu ni kitu kingine. Tracy akaziangalia, akauliza, "Shosh, nitabaki kipara?" Nikamwambia hapana, nikaingia nyuma ya pazia nikalia mpaka leso ikalowa.

Asubuhi nilifika Kibera kabla Ndinda hajafungua mlango. Nikamwambia yote: kemisti, siku tano, uongo. Nilitegemea anigombeze. Alifungua kufuli, akasema, "Asante kwa kuniambia, mwaitu. Kaa wiki mbili bila dawa, halafu urudi. Na usimpikie mtu."

Jirani yangu Mwongeli akawa anampikia Tracy. Mimi nakula changu kando kama mgeni. Baada ya wiki mbili nikarudi kusimama pale pale kwenye kioo. Waya, moto, kungoja, mistari. Hakuruka hatua hata moja kwa sababu ni mara ya pili.

Kesho yake, safari hii kisahani cha kwanza kilijaa rangi ya waridi. Cha kumchunga kilikuwa kitupu. Na cha pili, woi, kilikuwa na vidoa visivyo na rangi, vidogo, vingine vina nukta nyeusi katikati. Mimi si msomi lakini niliuona uso wake.

"Ni yeye?"

"Sijui bado," akasema. "Kuna mwingine anayefanana naye sana na hana ubaya huo. Nitamweka kwenye hii chupa ya manjano. Ikigeuka waridi kesho, si taifodi."

Usiku huo niliomba rangi. Sijawahi kumwomba Mungu rangi maishani mwangu. Nililala nikisema waridi, Baba, waridi tu.

Asubuhi chupa ilikuwa manjano vile vile.

Hata hapo hakunihukumu. Alichukua kidoa kimoja kwenye kipande cha kioo, akakikoroga na tone la maji ya chumvi, hakikufanya kitu. Akakoroga kingine na tone la dawa ya kumtambua, akatikisa taratibu. Mbele ya macho yangu kikagandana, kama maziwa yaliyoharibika kwenye chai. Akaweka kioo chini, akavua glavu, akanawa, akatoka nje akaja kuketi kando yangu kwenye benchi.

"Ni yeye, mwaitu. Unamweka tumboni bila yeye kukuumiza wewe."

Nilisema, "Basi ni mimi nilimlaza Tracy hospitalini." Niliinama nikalia pale mbele ya wagonjwa, sikujali. Hakuniambia si wewe. Nilimpenda kwa hilo. Alinishika mkono, huu huu ninaopakulia, akaushikilia mpaka nikamaliza. Ndipo akanieleza: dawa za daktari wiki nne, halafu vipimo vitatu, kila mwezi kimoja. "Na kila mara wapangaji wako wa kawaida wawepo," akasema, "ndiyo nijue hunidanganyi." Tukacheka, mimi makamasi yakinitoka.

Kama angenisainia siku ile ya sahani tupu, ningerudi jikoni Jumatatu. Ningepakulia watoto mia mbili na arobaini, na karatasi imebandikwa ukutani. Hilo nalifikiria kila nikinawa, na siku hizi nanawa sana.

Vipimo vyote vitatu vilikuja na waridi upande mmoja na utupu upande wa pili. Ndinda akasaini, akaandika tarehe na saa, akanipa. Mwalimu Shivachi akabandika karatasi mlangoni mwa jikoni, lakini watoto hawasomi karatasi, wanasikia kwa mama zao. Siku yangu ya kwanza kurudi, mstari ulisimama mbali na meza yangu. Walishika sahani zao vifuani, hakuna aliyetaka kuwa wa mbele. Hata Tracy, nywele zake zikiwa zimeota kidogo kama za mtoto mchanga, aliangalia chini.

Nilikuwa nimeshika upawa nilipomwona Ndinda akiingia getini. Nilikuwa nimemwalika kwa simu bila kutegemea atakuja. Alipita kando ya ule mstari mzima, akanawa kwenye ndoo ya bomba, mpaka kwenye viwiko, akachukua sahani akaja mbele yangu.

Huyu anajua kila kitu kilichowahi kuishi tumboni mwangu. Amekiona kwa macho yake, amekipa jina.

Akanyoosha sahani. Nikampakulia githeri, mahindi na maharagwe yake. Akaketi kwenye benchi la watoto, magoti yamemfika kifuani, akala akiwa amewatazama, hakuacha hata punje. Halafu akainuka, akarudi mezani.

"Mwaitu, ongeza," akasema.

Nikaongeza. Nyuma yake Tracy alikuwa ameshasimama na sahani yake.