Vikombe Vitatu vya Chai

Mimi nilikuwa nabeba nyuma, upande wa kulia. Seif, fundi cherehani, alishika kushoto, walimu wawili mbele, na juu ya kiti chake cha magurudumu alikaa Wakili Wilhelmina, mwenyekiti wetu, akipandishwa ngazi ishirini na mbili kwenda kwenye kikao cha bodi ya shule yetu hapa Buswelu. Miaka miwili tulimbeba hivyo, na tulijivunia. Mkuu wa shule, Mwalimu Machibya, alikuwa akitushukuru kwenye muhtasari kwa majina. Mimi, Luhende muuza mchele, jina langu kwenye karatasi ya serikali! Nilimsomea mke wangu mara mbili.

Kikao kingeweza kufanyika chini, lakini juu kuna makochi na feni, na ziwa linaonekana.

Mama huyu ni moto. Aliwahi kumshinda mahakamani mwajiri aliyemfukuza karani kiziwi kwa kosa la kutosikiliza maelekezo. Kwetu alikuwa mpole, na chai yetu hakuwahi kuigusa. Tulisema ana vidonda vya tumbo, tukawa tunagawana kikombe chake.

Jumamosi hiyo ajenda ilikuwa moja: Gladness, binti aliyepangiwa kidato cha kwanza kwetu, naye anatumia kiti cha magurudumu. Masomo yalikuwa yaanze Jumatatu, na darasa lake liko ghorofani. Yeye na mama yake walikuwa uani wakisubiri jibu.

"Tunampenda sana," alisema Mwalimu Machibya, "lakini tumwandikie uhamisho. Ngazi hizi, jamani!"

"Mimi si mnanibeba?" aliuliza wakili.

"Na yeye tutambeba!" nilidakia, maana mdomo wangu hunitangulia.

"Vizuri. Naombeni chai."

Akanywa kikombe kimoja. Akanywa cha pili. Kisha akasema, bila kupepesa macho, "Naomba kwenda msalani."

Choo kiko chini. Tukamshusha, tukamsubiri, tukampandisha. Hatujafuta jasho akaomba kikombe cha tatu, akakimaliza, akaweka chini.

"Samahanini. Msalani tena."

Safari hii Seif aliwataja marehemu wote wa ukoo wao. Kiuno changu kiliwaka moto. Kwenye ngazi ya kumi tuliegemea ukuta tupumue, kiti kimeinama, naye akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mzee Luhende, mtoto anasoma siku mia moja tisini na nne kwa mwaka. Wewe zamu yako siku zipi?"

Nilikasirika. "Mama, miaka miwili hunywi chai, leo ndiyo umeamua kuimaliza?"

"Miaka miwili," akasema, "siku ya kikao sinywi hata maji tangu naamka. Choo kiko chini, ninyi mmeshakaa kwenye makochi. Niliona haya kuwasumbua."

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Chai ya mtu mwenye kiu, na sisi tukaigombea!

Tukamfikisha msalani, na hatukumpandisha tena. Bodi nzima ilishuka, tukakaa uani kwenye madawati. Seif, bado anahema, akapendekeza kidato cha kwanza kishuke, kidato cha nne kipande, na vikao vyote vifanyike chini. Nikaunga mkono kabla hajamaliza. Mwalimu Machibya aliisikitikia feni yake kidogo, kisha naye akanyoosha mkono.

Tukamwita Gladness na mama yake, tukawapa jibu. Mama yake alilia, mimi nikajifanya nimeingiwa na vumbi machoni. Binti akatuamkia mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, halafu akauliza:

"Na maktaba iko wapi?"

Mwalimu Machibya akatazama juu. Sote tukatazama juu. Hata wakili, ambaye tangu asubuhi hakukosa neno, alitazama juu.

Kisha akafungua daftari.

"Kikao hakijafungwa," akasema. "Kaeni."

Mimi nilikuwa wa kwanza kukaa.