Kibao cha Mwalimu wa Kiingereza

Shuleni kwetu, aliyenaswa akisema Kiswahili alivikwa kibao shingoni mpaka amnase mwenzake. Aliyebaki nacho jioni aliosha masufuria ya bweni zima. Sheria hiyo aliitunga mwalimu wa Kiingereza.

Siku anastaafu, kibao nilikuwa nacho mimi. Alituaga kwa zile nahau za Kiingereza alizotukaririsha miaka minne, kisha Kiingereza kikamwishia.

“Jamani wanangu, nitawakumbuka,” akasema.

Nikamwendea kwa adabu zote. “Samahani, mwalimu. Sheria ni msumeno.”

“Mtundu wewe!” Akacheka huku machozi yakimtoka, akainamisha kichwa, nikamvika.

Alitoka nacho hadi nje ya lango. Jioni ile niliosha masufuria yote bila kuambiwa, nikizirudia nahau zake moja moja.