Kitufe Alichobonyeza Kamanthe

Pauline alirudisha albamu ya harusi yake kwa kuitupa mezani. Hakusalimu mtu.

"Angalieni wenyewe," alisema. "Mimi niko wapi hapa?"

Ilikuwa kweli. Gauni, ukuta wa kanisa la Katelembo na uso wa bi harusi vyote vilikuwa weupe mmoja, na bwana harusi alijulikana kwa tai yake tu. Ndambuki alivaa miwani, akazikagua picha, akatangaza kwamba watu wa Nairobi wanaozichapisha wameharibu tena. Alikuwa mpiga picha Machakos tangu enzi za filamu, na mafundi wa zamani wana ugonjwa huu: kosa likitokea, lazima litafutiwe mwenyewe mbali. Pauline hakutaka kusikia habari za Nairobi. Aliondoka akiapa kumwonya kila msichana mwenye mchumba.

Kamanthe, mke wa Ndambuki, aliifunga albamu. Yeye ndiye aliyekaa kwenye kompyuta ya studio, na alikuwa ameuona weupe huo kabla picha hazijaenda Nairobi. Sababu aliijua pia. Mwaka uliotangulia, 2006, daktari alimwambia Ndambuki kwamba ana presha ya macho, akampa dawa ya matone ya kutia kila jioni bila kukosa. Dawa haitarudisha kilichopotea, daktari alisema, itazuia tu kisipotee kingine. Kufikia wakati huo Ndambuki alikuwa akiona kila mahali pana giza kidogo, na kwa kuwa aliona giza, aliiwekea kamera ISO ya juu. ISO ni ile namba inayoamua kamera iwe na njaa ya mwanga kiasi gani. Zamani ilikuja imeandikwa kwenye boksi la filamu. Siku hizi mtu anaipanga mwenyewe kwa kidole. Ndambuki alikuwa akiilisha kamera mwanga mpaka inatapika.

Mwanamke mwingine angemwambia mumewe ukweli, wakagombana, yakaisha. Kamanthe alimpenda wake kwa woga. Asubuhi moja, Ndambuki akinywa chai, alifungua kitabu cha kamera, akafuata maelezo, akabonyeza kitufe na kuweka ISO kwenye AUTO. Kuanzia hapo kamera ingepima mwanga na kujichagulia namba yenyewe. Neno hilo lilionekana pembeni ya kioo kwa herufi ndogo sana. Ndambuki hangeweza kulisoma, na Kamanthe alilijua hilo alipokuwa akibonyeza.

Harusi iliyofuata ilikuwa Kinanie, na picha zilitoka safi ajabu. Uso ulikuwa uso, gauni gauni. Wateja wakarudi mmoja mmoja, na Ndambuki akaanza tena kupiga mluzi akifungua studio.

"Umeona?" alimwambia mkewe. "Mkono ya mzee haipotei."

Kamanthe alicheka naye, na kwa wiki kadhaa kicheko hicho kilikuwa cha kweli.

Kisha, akitafuta betri kwenye droo, alikuta chupa ya matone haijafunguliwa. Nyuma yake kulikuwa na nyingine, nayo haijafunguliwa.

"Baba Muli, hii dawa mbona imejaa?"

"Hiyo niliacha. Inawasha bure. Macho yangu imepona."

"Nani amesema imepona?"

"Picha zimesema." Ndambuki alikuwa akifuta lenzi, ametulia kabisa. "Unafikiri sikujua ni mimi nilikuwa naharibu? Nairobi nilikuwa nawasingizia tu, ningesema nini mbele ya Pauline? Sasa angalia za Kinanie. Mtu haoni anaweza piga hizo?"

Kamanthe aliirudisha chupa kwenye droo. Ukweli ulikuwa mdomoni, ungetoka kwa sentensi moja. Lakini Jumamosi kulikuwa na harusi ya binti wa mchungaji, na mtu wake alikuwa na furaha iliyomkimbia mwaka mzima. Nitamwambia Jumamosi ikipita, alijipa ahadi. Jumamosi ikapita, ikaja nyingine. Alitoa chupa akaiweka mezani karibu na sukari. Ndambuki akairudisha kwenye droo. Kamanthe aliwaza kuirudisha ISO ilivyokuwa, picha ziungue, mume wake ashtuke mwenyewe. Hakuthubutu. Kila mteja aliyesifu picha alimchoma moyo, na bado alimjibu, "Asante, karibu tena." Alijichukia kwa hizo asante.

Hafso, muuza vitambaa wa duka la chini, ndiye aliyemaliza ahadi hizo. Alipanda ngazi akiwa amekasirika nusu.

"Mama Muli, mimi na mzee wako tumekosana? Nimemsalimia hapo mlangoni mara mbili, amenipita kama ukuta. Halafu ameenda akagonga mkokoteni ya viazi. Mkokoteni mzima, wallahi!"

"Ulikuwa umesimama upande gani?"

"Upande gani? Huu wake wa kushoto. Kwani?"

Ndambuki aliingia akijipangusa goti na kuwatukana wauza viazi. Kamanthe alimngoja Hafso ateremke, akafunga mlango, akasema yote bila kupumzika: kitabu, kitufe, AUTO, Kinanie, chupa za kwenye droo. Ndambuki alimsogezea kamera.

"Itoe," alisema.

"Nini?"

"Hiyo auto. Itoe. Keti hapo."

Kamanthe aliitoa, akaketi kwenye kiti cha wateja. Ndambuki aliitazama studio kama alivyokuwa akiitazama miaka yote, akapanga namba zake kwa kidole, akapiga. Kisha akampa kamera.

"Niambie."

"Baba Muli..."

"Niambie vile iko."

"Ni nyeupe," Kamanthe alisema. "Uso wangu hakuna."

Ndambuki alikaa juu ya boksi la fremu. "Ungeniacha niaibike," alisema. "Aibu ingenipeleka hospitali." Hakupaza sauti, na Kamanthe alitamani angepaza.

Kesho yake walikuwa mbele ya daktari. Aliangalia jicho moja kwa muda mrefu, akahamia la pili, akarudi kwa la kwanza. La kushoto limekwisha, alisema. La kulia watalipigania.

"Hii haikuwa lazima, mzee. Nani alikuambia uache dawa?"

Kamanthe alifungua mdomo. Ndambuki alimkanyaga mguu chini ya meza, kwa nguvu.

"Hakuna mtu, daktari," alisema. "Ni kichwa ngumu yangu tu. Mama hapa alikuwa ananiambia kila siku."

Daktari alimsifu mama, akamwomba aendelee hivyo hivyo.

Nje, kwenye benchi la kungojea dawa, Kamanthe alimuuliza kwa nini amesema uongo.

"Wewe ulinifichia aibu mbele ya watu," Ndambuki alijibu. "Mimi nikuanike?" Kisha akaanza kupanga: Jumamosi Kamanthe ndiye atakayepiga picha, kamera ibaki kwenye auto, naye atashika taa. Aliongea akitazama mbele, karibu achangamke. Kamanthe alikuwa ameketi kushoto kwake, akilia bila sauti, na Ndambuki hakumwona.