Kikombe cha Mzee Kinsaku

Kila Jumatano jioni Nobue alivua aproni, akachukua daftari lake lenye mistari mipana kama la mtoto wa darasa la pili, akateremka kwa miguu hadi ukumbi wa kata kusomea mvinyo. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Alikuwa ameishi katikati ya mizabibu ya bonde la Katsunuma miaka thelathini na minne, akipogoa matawi na kuvisha vichala kofia za karatasi, na bado hakuweza kueleza kwa nini mvinyo mmoja mweupe unapatana na chakula fulani na mwingine unakigombeza. Kabla ya kufungua daftari alifumba macho, akamshukuru Buddha mganga wa hekalu la kilimani, yule aliyeshika kichala cha zabibu mkononi, kwa kumpa akili ya kujifunza uzeeni. Wenzake walimsubiri amalize ndipo wamimine.

Majira yale ya baridi hakuwa akisoma kwa raha tu. Mama mkwe wake, Bibi Tokuyo, alikuwa ameacha kula.

Ilianza baada ya mumewe, Mzee Kinsaku, kufariki mwezi wa kumi, mavuno yalipokwisha. Bibi Tokuyo aliketi mezani kila jioni, akaonja vijiko viwili, akalaza vijiti vyake na kusema, "Nimeshiba, asante." Muuguzi aliyekuja na mizani yake kila Ijumaa ya pili hakuficha neno.

"Kilo thelathini na sita," alimwambia Nobue mlangoni, huku akivaa viatu. "Akishuka chini ya thelathini na tano, mama, itabidi alazwe, alishwe kwa mpira wa puani. Mimi nitaandika tu nilichokiona."

Nobue alijua maana yake. Bibi Tokuyo, mwenye miaka themanini na sita, alikwisha sema zamani kwamba anataka kufia katika nyumba inayonukia miso, ile rojo ya soya iliyochachuka. Hospitalini kunanukia dawa ya sakafu.

Basi Nobue akashika njia aliyoijua. Kulikuwa na chakula kimoja ambacho bibi huyu hakuwahi kukikataa: hoto, tambi pana za unga wa ngano zilizochemshwa pamoja na boga na figili katika mchuzi mzito wa miso. Hicho ndicho chakula cha jioni za baridi, na kwa kawaida huteremshwa kwa mvinyo mweupe wa zabibu za koshu. Nobue alifikiri kwamba akiupata mvinyo wenyewe hasa, koo la mama mkwe lingefunguka.

Jioni ya kwanza alileta mvinyo mkavu, uliopoozwa barabara kama alivyofundishwa, katika glasi yenye shingo nyembamba. Bibi Tokuyo aliinua glasi ile kwenye mwanga wa taa.

"Hiki kinashikwaje? Nikikohoa si kitavunjika?"

"Shika hapa kwenye shingo, Mama."

"Shingo yenyewe nyembamba kuliko yangu." Akaonja, akakohoa kidogo. "Nimeshiba, asante."

Mara ya pili ukaja mvinyo wenye utamu kidogo, kwa ajili ya boga. Mara ya tatu ukaja uliolala mwaka mzima kwenye pipa. Kila mara ni vijiko viwili, vijiti chini, asante. Na kila mara Shigeki, mume wa Nobue, alimaliza sufuria, akalegeza mkanda.

"Ukiendelea na masomo haya," alisema, "mizani ya muuguzi itanikamata mimi."

Kilichomuumiza Nobue zaidi ni ile adabu ya mama mkwe. Zamani haikuwa hivyo. Alipoolewa, msichana wa pwani aliyejua kupika samaki tu, alikata tambi za hoto nyembamba kama uzi, na Bibi Tokuyo akamuuliza mbele ya wageni, "Binti, unapika au unashona?" Kisha akasimama nyuma yake majira mawili ya baridi, akimfundisha kukanda, kukata, na kujua boga limeiva kwa kusikiliza sufuria. Lakini miaka kumi iliyopita, usiku wa kuamkia mwaka mpya, bibi alimkabidhi mwiko wa kupakulia wali kwa mikono miwili, kama ilivyo desturi. "Kuanzia leo jiko ni lako, na madhabahu ya marehemu ni yako. Mimi sitatia neno." Na hakutia neno tena. Nobue alipewa nyumba, akapoteza mtu wa kumgombeza.

Jumatano iliyofuata, darasa lilipokwisha, alimfuata Mwalimu Kagami aliyekuwa akisuuza glasi.

"Mwalimu, nimejaribu mkavu, nimejaribu mtamu kidogo, nimejaribu wa pipa. Nimekosea wapi?"

"Boga lina utamu, miso ina chumvi. Ule mtamu kidogo ulitakiwa uelewane navyo, Mama Nobue."

"Umeelewana sana. Muulize mume wangu."

Mwalimu akacheka. Kisha akafuta mikono. "Mama mkwe wako ameila hoto miaka mingapi?"

"Themanini na kitu."

"Mimi nimefundisha miaka sita. Sasa kwa nini unaniuliza mimi?"

Nobue alirudi akipanda kilima polepole, na swali lile likapanda naye. Ni kweli, alikuwa amemletea mama mkwe mvinyo wa aina tatu bila kumuuliza hata mara moja.

Alhamisi jioni, zikiwa zimebaki saa chache tu mizani ije, alipakua hoto na hakuleta glasi. Aliketi sakafuni karibu na bibi.

"Mama, Baba alikuwa anakunywa nini na hoto?"

Bibi Tokuyo alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Ule wa chupa kubwa. Kwenye kikombe cha chai."

"Na wewe?"

"Mimi nakunywa akishaonja yeye. Miaka sitini na miwili sijamtangulia."

"Na sasa?"

Bibi aligeuza uso kwenye madhabahu, kabati dogo jeusi lenye picha ya mzee. Mbele ya picha kulikuwa na wali, na kikombe cha chai iliyopoa.

"Sasa yeye anakunywa chai," alisema.

Nobue alihisi masikio yake yakiwaka moto. Miaka miwili kabla ya kifo, daktari alimkataza mzee mvinyo, hata tone. Nobue ndiye aliyeificha chupa ghalani, akamwekea chai badala yake, akasimamia amri ile kama askari. Mzee alipofariki mkono ukaendelea na mazoea. Miezi minne alikuwa amemweka marehemu kwenye masharti ya daktari.

"Lakini Mama, daktari alimkataza kwa sababu ya ini."

"Akiwa hai tulivumilia chai pamoja. Sasa hilo ini analo?"

Shigeki aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Mbona hukuniambia?"

"Mwiko nilikupa mwenyewe, kwa mikono yangu miwili. Nikishatoa, nimetoa."

Nobue aliinuka. Alivaa kandambili, akaenda ghalani, akarudi na chupa ya karibu lita mbili, ile ambayo wakulima hupewa kiwandani baada ya kupeleka zabibu zao. Haikupoozwa kwa kipimo chochote isipokuwa baridi ya ghala. Akatoa kikombe cha mzee chenye ufa mdomoni, akamimina, akakiweka mbele ya picha, akagonga kengele ndogo na kuunganisha viganja. Aliomba msamaha kwanza, kisha akashukuru, na shukrani ikawa ndefu kuliko msamaha. Alipotaka kukiondoa kikombe, mama mkwe alimzuia.

"Mwache kidogo. Hakuwa mtu wa kunywa haraka."

Wakangoja, hoto ikitoa mvuke mezani. Kisha Bibi Tokuyo alikiteremsha kikombe mwenyewe, akanywa funda moja, akafumba macho. Akashika vijiti. Akala boga, akala tambi, akanywa tena. Nobue akasogeza sufuria karibu. Bakuli lilipokwisha lilisogezwa mbele yake kimya, naye akalijaza nusu, na nusu hiyo pia ikaliwa.

Ijumaa mizani ilisoma thelathini na tano na robo. Muuguzi aliitazama, akamtazama bibi.

"Umeponea chupuchupu, mama. Lakini umekula jana?"

"Nimekula hoto mabakuli mawili kasoro nusu. Boga lilikuwa gumu katikati na chumvi ilizidi." Akaelekeza kidevu jikoni. "Kama leo atapika tena, nitasimama nyuma yake. Masikio yake hayasikilizi sufuria."

Muuguzi akairudisha fomu ya kulazwa mkobani. "Nitakuja Ijumaa ijayo tupime tena."

Jikoni Nobue alikuwa akiandika katika darasa lake la peke yake, yaani pembeni ya jiko: hoto ya boga, mvinyo wa chupa kubwa, kikombe cha chai, kwanza Baba. Alilisikia neno la chumvi. Alifunga daftari, akainamisha kichwa kuelekea sebuleni.

"Asante, Mama," alisema, akaenda kuchagua boga.