Theluji ya Paa la Kreszenz

Quirin alikuwa akizoa mavi katika banda la farasi wa Mfalme. Farasi wote walikwisha kuvishwa njuga kwa matembezi ya Mfalme ya majira ya baridi, na magari ya theluji yalikuwa yamepakwa dhahabu hadi kwenye vyuma vya kutelezea. Kilichokosekana ni theluji yenyewe. Mjini ilinyesha mvua tu. Basi, kama ilivyo desturi, Mfalme aliagiza theluji iletwe kutoka milimani kwa mikokoteni.

Kijijini kwao Quirin, ardhi ya majira ya baridi haichimbiki. Anayefariki hulazwa juu ya paa la nyumba yake, akafunikwa theluji, akangoja masika, ardhi ilainike na padri aje kumzika. Mama yake, Kreszenz, alikuwa huko juu tangu Novemba. Askari waliotumwa kuleta theluji waliona uvivu kupanda mlima. Wakaikwangua theluji ya mapaa.

Mkokoteni wa mwisho ulipoingia uani, Kreszenz alikuwa ameketi juu ya shehena, soksi mguu mmoja.

"Umekonda, mwanangu."

"Kazi, mama. Mbona umeshuka?"

"Nimefuata theluji yangu. Mwambie bwana wako airudishe. Nikioza kabla ya masika, padri atamzika nani?"

Quirin alivua kofia akamwendea mkuu wa sherehe, Bwana von Raspe, aliyekuwa akitafuna soseji.

"Bwana, mama anaomba theluji yake."

Von Raspe alimkagua marehemu, akaziba pua kwa leso, akaendelea kutafuna.

"Watu wa milimani nyie, ukiwapa shubiri mwachukua pima. Koleo anaweza?"

"Maisha yake yote, bwana."

"Mpe basi. Huyu hata supu hatatudai."

Msafara ukaondoka. Mabwana waliendesha, mabibi wakacheka ndani ya manyoya, na kila bwana akadai busu lake mwisho wa safari, kama ilivyo haki ya mwendeshaji kwa bibi aliyemwendesha. Nyuma yao Kreszenz alizoa mavi yaliyofuka moshi na kutupia theluji yake palipotokeza matope. Bibi mmoja alilalamikia harufu, akanyunyiziwa manukato.

Kufikia jioni barabara ilikuwa uji wa kahawia. Kidole kimoja cha Kreszenz kilikuwa kimeganda kwenye mpini wa koleo. Quirin alikibandua, akakitia mfukoni, kisha akakusanya theluji iliyosalia, akamfunika mama yake mkokotenini.

"Hii imekojolewa," alisema Kreszenz.

"Ndiyo iliyobaki, mama."

Mama akajivutia theluji hiyo mpaka kidevuni.

Majira ya baridi yaliyofuata mvua ilinyesha tena mjini. Safari hii von Raspe aliagiza theluji yote ya mapaa, pamoja na waliolala chini yake, ila makoleo waje nayo.