Mikono ya Nasrin

Mimi Mwanamvua sikuanza jana kupokea wageni. Nyumba yetu ya Bagamoyo mjini imelaza watu wa Pangani, wa Unguja na wa Ngazija, na hakuna aliyetoka akasema alilala njaa. Kwa hiyo mwalimu mmoja wa chuo kikuu aliponiomba nikae na mwanafunzi wake wa kigeni, binti kutoka Bangladesh anayesomea kilimo cha mwani, nilikubali kabla hajamaliza kusema. Siku hiyo hiyo nikaenda kumtangazia jirani yangu Shufaa. Akabinua mdomo.

"Wazungu hao hawadumu," akasema.

"Bangladesh si Uzunguni," nikamjibu, ingawa mwenyewe sikuwa na hakika iko upande gani.

Binti akaja, jina lake Nasrin. Kiswahili alikuwa amejifunza mwaka mzima Dar, na shikamoo yake ilitoka vizuri hata nikatamani airudie. Nikampa chumba cha mbele na kile kitanda kikubwa cha marehemu mume wangu. Asubuhi anapanda bodaboda kwenda Mlingotini, anashinda majini na akina mama wanaofunga mwani kwenye kamba, anarudi miguu imekauka chumvi. Akirudi anakuta meza ya ukumbini imetandikwa kitambaa cheupe, sahani ya maua na kijiko kinachong'aa. Mimi, binti yangu Mwaija na wajukuu tunakula uani, mkekani, sinia moja, kwa mikono, kama siku zote.

Mara nyingi alichungulia uani. "Mama, nisaidie?"

"Nenda kapumzike, mwanangu. Kwangu mgeni hashiki kazi."

Nilijisikia, nisifiche. Mtaa mzima ulijua jinsi Bi Mwanamvua anavyotunza mgeni, na asiyejua nilimwambia mwenyewe.

Alhamisi moja, kesho yake ikiwa hitma ya marehemu mume wangu, Nasrin alirudi kutoka Mlingotini mapema, akaniomba tukae. Akaniambia anarudi kwao. Masomo anayaacha, Jumatatu atampigia mwalimu wake kumwarifu.

Damu ikanipanda. "Umekosa nini humu ndani? Nimekulaza vibaya? Chakula hakina chumvi?"

"Chakula kizuri, Mama." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Lakini nakula peke yangu. Nawasikia mnacheka uani, mimi niko na kijiko. Hata kwetu tunakula kwa mkono. Tunakaa chini. Mama yangu anakuna nazi kama nyinyi." Akatazama viganja vyake. "Nilidhani mnaona mikono yangu si safi."

Moyo uliniuma. Wiki zote hizo nilikuwa natembea kifua mbele kwa heshima niliyompa, kumbe nimemweka mtoto wa watu nje ya nyumba huku amelala ndani. Nilitaka kumkumbatia nimbembeleze, lakini maneno matamu alikwisha kuyapata mengi kwangu. Yangekuwa kijiko kingine tu.

Ijumaa asubuhi wanawake wa mtaa walijaa uani kupika. Moto umekoka, samaki wanaparwa, nazi zimepasuliwa na kurundikwa. Nikaingia chumba cha mbele. Nasrin alikuwa anakunja nguo zake. Nikamtupia kanga.

"Jifunge hii uje uani. Nazi zinakusubiri."

Akanitazama kwanza, kuona kama natania. Kisha akajifunga.

Nilipomwonyesha mbuzi ya kukunia, Shufaa aliacha kupepeta mchele. "Unamkalisha mgeni kwenye mbuzi? Siku ya hitma? Mwanamvua, watu watasema nini?"

Walikuwa wanasema tayari. Niliona kanga zikivutwa midomoni na macho yakikutana. Jina nililolijenga miaka yote lilikuwa linasagwa pale pale mbele yangu, na kusema kweli liliniuma.

"Mgeni gani?" nikamuuliza Shufaa. "Huyu wa humu ndani."

Nasrin akakalia mbuzi bila kuelekezwa, akakusanya miguu upande mmoja, akashika kifuu kwa mikono miwili. Nazi ikaanza kuanguka kwenye sinia, nyeupe na laini. Wanawake wakasogea kutazama, na mimi nikajifanya nakoroga sufuria huku shingo imenirefuka kwa furaha. Basi naye akanogewa. Akakuna, akakuna, mpaka vikaanza kutoka vipande vya kahawia.

"We Nasrin!" nikafoka, nimesahau yote. "Unakuna kifuu hicho! Unataka tui liwe rangi ya tope? Ndivyo mama yako alivyokufundisha?"

Mwaija alinikodolea macho kwa hofu. Nasrin akainua uso, nazi imemrukia mpaka kwenye nyusi, akacheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Mama yangu hufoka zaidi," akasema. "Nipe nyingine."

Wanawake wote wakaangua kicheko. Mmoja akampelekea nazi, mwingine akamwita aje akamue tui, na kabla ya adhana ya mchana walikuwa wanamtuma huku na huku kama wanavyomtuma Mwaija.

Baada ya dua tulikaa mkekani, sinia moja kwa watu watano. Nasrin alikaa kati yangu na Shufaa. Alifinyanga tonge kwa ncha za vidole, hakudondosha punje hata moja, na nikamsogezea kichwa cha samaki, ambacho humu ndani hapewi mtu ila mtoto wangu. Sijawahi kuona fahari kiasi kile, na sikuhitaji hata kumwambia mtu. Wote walikuwa wanaona.

Lakini Shufaa ni Shufaa. Akasubiri watu watulie, ndipo akauliza kwa sauti, "Haya, Mwanamvua. Mgeni wako anaondoka lini?"

Nikabaki na tonge mkononi. Jumatatu haikuwa mbali, na sikuwa nimethubutu kumuuliza mwenyewe.

Nasrin akageuka kutazama mlangoni, mdomo umejaa wali.

"Kuna mgeni?" akasema. "Mbona hatujamkaribisha?"